Waya Chini ya Bahari



Kila kikundi chenye mradi wa maji kinajua jambo hili. Bomba likipita katika shamba la jirani, kikundi na jirani huyo wanakuwa na uhusiano mpya, watake wasitake. Lazima waandikiane, waelewane nani atachimba likipasuka, na pengine jirani naye atadai mfereji wake. Kabla ya bomba walikuwa wakisalimiana tu. Leo tuone jinsi nchi nazo zinavyofungwa pamoja na waya.

Wengi wetu hufikiri habari za simu na intaneti zinapita hewani. Hewani ni kutoka simu yako hadi mnara ule wa kilimani tunaouita busta. Ukimwandikia mtoto wako aliye Uarabuni, maneno yako kwa kawaida hufuata waya mpaka pwani, halafu yakashuka baharini. Ndani ya waya mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kama mwanga.

Waya wa baharini si jambo geni kwetu. Mwaka 1879 Waingereza walikuwa wakipigana na Wazulu, na habari za vita zilichukua majuma kufika London. Mwaka huo huo kampuni yao ikalaza waya wa telegrafu kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji na Durban. Basi aliyetaka kupeleka habari ya haraka ng'ambo kutoka Zanzibar alipita mlangoni kwao.

Baadaye Kenya ilitumia setilaiti, kupitia kituo cha Longonot kilichofunguliwa 1970. Ilisaidia, lakini bei ilikuwa kali. Mwaka 2003 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zikaanza kuzungumza juu ya waya mmoja wa pamoja, EASSy. Hapo ndipo maneno yalipozidi: nani amiliki, nani asimamie, kampuni ndogo ziingie kwa masharti gani. Wenye kamati za harambee mnaelewa! Kenya ikachoka kungoja. Ikageukia Falme za Kiarabu, ikashirikiana na kampuni ya Etisalat kulaza waya wake, TEAMS, kama kilomita 5,000 kutoka Fujairah hadi Mombasa. Ulifika Juni 2009. Waya wa Seacom ukaanza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy wenyewe 2010.

Sisi tunaona Kenya haikukosea. Lakini hebu tujiweke mahali pa Uganda na Rwanda, zisizo na bahari. Kila neno lao linalokwenda ng'ambo kwa waya lazima lipite katika shamba la jirani. Ndiyo maana Uganda ilivuta waya mpaka Mutukula, mpakani na Tanzania, isitegemee njia ya Kenya peke yake. Huo si uadui. Hata ninyi mngetafuta chemchemi ya pili.

Na waya hukatika. Februari 2012 meli iliteremsha nanga karibu na Mombasa, ikakata TEAMS, na nchi jirani zikaumia pamoja nasi. Februari 2024 meli Rubymar, iliyobeba mbolea, ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen. Ikaachwa ikielea, na inaaminika nanga yake ndiyo iliyokata nyaya tatu katika Bahari ya Shamu, mmoja ukiwa njia ya Seacom. Meli ya kutengeneza nayo haiwezi kuingia pale bila ruhusa, na Yemen ina pande mbili zinazodai kutawala. Ruhusa uombe kwa nani? Mei mwaka huo huo EASSy na Seacom zikakatika upande wa kusini, na Tanzania ikaumia sana. Vita ya watu wasiotujua inaweza kumchelewesha mama wa kijijini anayengoja habari za mwanawe.

Ya kuzungumzia kikundini: Je, bomba letu linapita kwa nani, na makubaliano yako wapi, kwenye karatasi au mdomoni? Kama jirani wa chini anapata maji kupitia kwetu, tulimwuliza nini kabla ya kupandisha bei? Na simu zikizimika siku tatu, mweka hazina ataonyesha hesabu ya kikundi kutoka kitabu gani?