SUMU INAYOJIFICHA NDANI YA MAFUTA YA MWILI

Somo letu safari hii ni juu ya sumu ambayo mtu hubeba bila kujua.

Mnakumbuka mwaka wa 1999? Wavuvi wengine walimwaga dawa ya wadudu ziwani ili wapate samaki upesi. Ulaya ikafunga soko la samaki wa Ziwa Viktoria, na hata wavuvi wasio na hatia wakaumia.

Sumu nyingine hutoka upesi kwa mkojo. Lakini zile za zamani kama DDT, ambayo Kenya ilikataza kutumiwa shambani mwaka wa 1986, hazishikani na maji. Hushikana na mafuta. Huingia kwa chakula na kukaa ndani ya mafuta ya mwili miaka mingi.

Mtu akikonda haraka, iwe ni kwa ugonjwa, njaa au ule upasuaji wa kupunguza tumbo unaofanywa Nairobi, mafuta huyeyuka na sumu hurudi kwenye damu. Wataalamu wamepima damu ya waliopasuliwa wakaona hivyo. Basi tuogope kupungua? La! Unene uliozidi huleta kisukari na presha, na hayo tunayaona kila siku.

Tufanye hivi:

1. Punguza unene polepole. Upasuaji ni wa kuamuliwa na daktari.

2. Mama aliyepasuliwa asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kupata mimba. Wakati huo mwili unapungua mbio na chakula hakimtoshi mtoto.

3. Mama anyonyeshe tu. Faida ya maziwa yake inashinda hofu hii.

4. Usipoteze pesa kwa "dawa ya kusafisha sumu" ya sokoni. Hata kunywa maji debe zima hakuitoi.

5. Zuia isiingie. Jerikeni ya dawa usiitekee maji wala kuitilia mafuta ya kupikia, itoboe. Dawa ya shamba usiitie kwa mahindi ya kula. Usikubali kupimiwa dawa ndani ya chupa ya soda. Plastiki usiwashie moto jikoni.

Maswali ya kikundi:

(a) Jerikeni zetu za maji zilibeba nini kwanza?
(b) Ni nani kati yetu anayeweka dawa ya shamba chumba kimoja na chakula? Tumsaidieje kabla ya mkutano ujao?