KIDUDE CHA KUONGEZA NGUVU YA GARI: TUPIME KABLA YA KULIPA



Siku hizi gari limefika vijijini. Kikundi kinachanga, kinakopa, kinanunua pikapu iliyotumika Japani, na nyanya zinakwenda sokoni. Baada ya miezi kadhaa gari linaanza kuchoka mlimani. Hapo ndipo anapotokea mtu na kidude mkononi: "Funga hiki, utapata nguvu za farasi 15 zaidi, na mafuta yatapungua." Bei yake si kubwa, na kwa kuwa si kubwa watu hutoa fedha bila kuuliza. Leo tujifunze kuuliza.

Nguvu ya farasi ni nini?

Kipimo hiki kilienezwa na James Watt, fundi wa Uskoti, miaka ya 1780. Yeye naye alikuwa muuzaji! Aliuza mashine za mvuke kwa watu waliozoea kutumia farasi, akataka wajue mashine moja ni sawa na farasi wangapi. Lakini alipima kwa kitu ambacho mnunuzi aliweza kukiona: uzito unaoinuliwa, urefu unaopandishwa, na muda unaotumika.

Kwa vipimo vyetu, nguvu ya farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Yaani gunia la kilo 75 linapanda mita moja wakati unatamka neno "moja". Kwa kipimo cha umeme ni kama wati 740. Shikeni namba hizi mbili, tutazitumia.

Nguvu hutoka wapi?

Injini huchoma petroli pamoja na hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa. Kwa hiyo kazi kubwa ya injini ni kuvuta hewa. Injini ya sisi 1,500, yaani lita moja na nusu, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huku dereva amekanyaga mafuta mpaka mwisho, huvuta karibu lita 4,500 za hewa kila dakika. Hayo ni mapipa 22 na nusu ya lita 200. Kwa dakika moja tu!

Hii ndiyo sababu gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huwa zito Mbeya. Mbeya iko juu, mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Gari halina ugonjwa. Limekosa hewa.

Jambo jingine: injini nzima huchoma karibu petroli yote inayoingia. Kinachopotea ni joto, nalo hutokea kwenye rejeta na kwenye ekzosi. Basi mtu akisema kidude chake kinafanya petroli "iungue vizuri zaidi", anakuahidi kuokota makombo ambayo hayapo.

Tuvitazame vidude vyenyewe

Sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta ni ya zamani. Ati inapanga petroli vizuri kabla haijaingia kwenye injini. Lakini petroli si msumari; sumaku haiishiki. Shirika la Serikali ya Marekani la kulinda mazingira limechunguza vifaa zaidi ya 100 vya kupunguza mafuta, sumaku zikiwamo, na halikupata hata kimoja kilichopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Ni kweli uchunguzi ule ulihusu mafuta, si nguvu. Lakini kifaa ambacho kingeifanya petroli ileile ifanye kazi zaidi, kingeonekana pale.

Kuna feni ndogo ya umeme inayowekwa kwenye njia ya hewa. Wanaiita "tabo ya umeme". Jina zuri! Hebu tupige hesabu. Betri ya gari ni volti 12. Feni ikitumia ampea 4, nguvu yake ni 12 × 4 = wati 48. Farasi mmoja ni wati 740. Feni hiyo basi haifiki hata sehemu moja ya kumi na tano ya farasi mmoja, na kazi iliyopewa ni kusukuma yale mapipa 22 na nusu. Injini inavuta hewa kwa kasi kuliko feni inavyopuliza, na mapanga ya feni yanabaki kuwa kizuizi njiani. Tabo ya kweli huzungushwa na moshi wa ekzosi wenye nguvu nyingi, nayo huongeza nguvu kweli, ila bei yake ni nyingine, na injini yenyewe lazima iwe imetengenezwa kuihimili.

Kidude cha tatu kinachomekwa chini ya usukani, pale fundi anaposomea makosa ya gari kwa kompyuta. Kinawakawaka taa, unaona kama kinafikiri. Mwaka 2017 wataalamu wa kompyuta huko Ufaransa walikichunguza kimoja cha aina hiyo. Walisikiliza ujumbe unaopita ndani ya gari bila kidude, kisha wakasikiliza kikiwa kimechomekwa. Kidude hakikutuma neno lolote. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa tu.

Hao watatu ni wezi wa fedha. Wa nne ni mwizi wa injini. Ni rezista, kipande kidogo cha umeme kinachofungwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Kinaidanganya kontrol boksi kwamba hewa ni baridi, nayo inamwaga petroli kuliko inavyotakiwa. Gari likila mafuta zaidi na plagi zikishika masizi, fundi atafungua kila kitu kutafuta ugonjwa, na kumbe ugonjwa ulinunuliwa.

Mbona dereva anaapa kwamba kimesaidia?

Hasemi uongo. Kidude kilifungwa mchana wa jua kali, akaondoka alfajiri. Hewa ya alfajiri ni baridi na nzito, injini yoyote huifurahia. Au fundi alisafisha chujio la hewa siku ileile. Tena mtu akishalipa, mguu wake hukanyaga mafuta kwa matumaini.

Kwa hiyo tupime kama Watt. Tafuteni mlima wazi, usio na watu wala kona. Pikapu na mzigo wake ni kilo 1,800, mlima una kimo cha mita 80, mmeupanda kwa sekunde 60. Hesabu ni hii: 1,800 × 80 = 144,000. Gawanya kwa 60, unapata 2,400. Gawanya kwa 75, unapata 32. Hizo ni nguvu za farasi zilizotumika kupandisha uzito, mbali na zile zilizoliwa na upepo na tairi.

Kama kidude kinaongeza 15, zitakuwa 47, na mlima uleule utaisha kwa sekunde kama 41. Tumwonee huruma muuzaji tuseme 45, maana upepo nao huzidi kwa mwendo. Tofauti hiyo huhitaji fundi kuiona. Saa ya mkononi inatosha. Pandeni mara tatu na kidude na mara tatu bila kidude, saa ileile ya siku, mzigo uleule, na dereva asiambiwe kama kimefungwa au la. Muuzaji akikataa jaribio hili, mmeshajibiwa.

Na gari lililochoka je?

Anzeni na chujio la hewa, ambalo mafundi huliita ea klina. Barabara zetu zina vumbi jingi. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili mwaka 2009: kwenye magari ya kisasa ya petroli, chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, lakini lilipunguza wepesi wa gari. Tazameni pia plagi, upepo wa tairi, na breki zinazong'ang'ania. Hapo hamwongezi kitu. Mnarudisha farasi mliouziwa pamoja na gari.

MAZOEZI YA KIKUNDI

1. Feni ya volti 12 inatumia ampea 6. Ni wati ngapi? Je, inafikia nguvu ya farasi mmoja?

2. Gari la kilo 1,500 limepanda kimo cha mita 50 kwa sekunde 40. Limetumia nguvu za farasi ngapi kupandisha uzito wake?

3. Muuzaji anasema kidude kinaongeza nguvu za farasi 10 kwa gari hilo. Lingepanda kwa sekunde ngapi?

Majibu: (1) Wati 72, haifikii. (2) 25. (3) Karibu sekunde 29.