Jua Haki Zako: Nyumba unayopanga England ina leseni?

Anayetafuta chumba London, Birmingham au Leicester huuliza mengi kabla ya kutoa pesa: kodi ni kiasi gani, stesheni iko umbali gani, gesi na umeme vimo ndani ya kodi au vinalipiwa kando. Swali la leseni huwa halimo. Hata waliowahi kusikia kwamba halmashauri hutoa leseni za kupangisha, wengi hulikwepa jambo hilo. Wanahofia kwamba ofisa akija akakuta nyumba haina leseni, wao ndio watakaotolewa vyombo nje.

Hofu hiyo huwanufaisha wenye nyumba wabaya, na sheria haiiungi mkono. Kupangisha bila leseni ni kosa la anayepangisha. Mpangaji hatozwi faini, mkataba wake haufi, tena anaweza kudai arudishiwe kodi aliyokwisha kulipa. Ndiyo maana kila mpangaji anapaswa kujua kama nyumba yake inahitaji leseni, na kama leseni hiyo ipo.

Maelezo haya ni ya England. Scotland kila mwenye nyumba wa binafsi hujiandikisha kwa halmashauri yake, Wales hujiandikisha kwa Rent Smart Wales, na Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake. Ukiishi huko, usitumie kanuni za hapa chini kama zilivyo.

Leseni ziko za aina tatu

Msingi wake ni sheria ya makazi ya mwaka 2004, Housing Act 2004. Aina ya kwanza ni ya lazima kote England. Nyumba ikikaliwa na watu 5 au zaidi kutoka kaya mbili au zaidi, nao wakachangia jiko, bafu au choo, anayeipangisha lazima awe na leseni. Zamani sharti hili liligusa nyumba za ghorofa tatu na kuendelea, lakini tangu 1 Oktoba 2018 idadi ya ghorofa haihesabiwi tena. Nyumba za namna hii, zinazokaliwa na watu wa kaya mbalimbali, ndizo watu wa halmashauri huziita HMO.

Aina ya pili ni ya nyongeza. Nyumba huwa HMO hata ikikaliwa na watu 3 tu, ikiwa hawatoki kaya moja na wanachangia huduma hizo. Hiyo ndogo haibanwi na sharti la kitaifa, ila halmashauri inaweza kuamua kwamba katika eneo lake nayo itakatiwa leseni.

Aina ya tatu hugusa karibu kila nyumba ya kupanga ya mtu binafsi katika eneo lililotangazwa, hata inayokaliwa na baba, mama na watoto wao tu. Halmashauri hutangaza eneo la namna hiyo kwa sababu kama vile ubovu wa nyumba, uhalifu au umaskini, na kabla ya kutangaza lazima ichukue maoni ya wananchi kwa wiki 10 au zaidi. Newham, mashariki mwa London, ilianza mpango kama huo kwa karibu eneo lake lote mwaka 2013. Birmingham ilianza wake Juni 2023 katika kata 25.

Tangazo la eneo halidumu zaidi ya miaka 5. Mtaa ambao haukuwemo ulipohamia huenda umo leo, na uliokuwemo huenda umetoka. Tangu Desemba 2024 halmashauri hazihitaji tena kibali cha waziri kutangaza maeneo makubwa. Kwa hiyo usitegemee jibu ulilopewa miaka miwili iliyopita, angalia upya.

Nani anahesabiwa kaya moja

Hapa ndipo wengi wetu hukosea hesabu. Kwa sheria hii, kaya moja ni mtu peke yake, au mume na mke, au wawili wanaoishi pamoja kama wanandoa, pamoja na jamaa zao: mzazi, babu, bibi, mtoto, mjukuu, kaka, dada, mjomba, shangazi, mpwa na binamu. Ndugu wa kambo nao wamo. Rafiki, mtu wa kwenu au mliyesoma naye madrasa hahesabiwi, hata kama mnakula sinia moja.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vinne pale East Ham. Chumba cha kwanza wamo mume na mke, cha pili kijana mmoja, cha tatu mabinti wawili marafiki, cha nne mzee mmoja. Wote wanatumia jiko moja. Hao ni watu 6 kutoka kaya 5, kwa hiyo leseni ni ya lazima bila mjadala. Wangekuwa mume, mke na yule kijana tu, wangekuwa watu 3 kutoka kaya 2, na jibu lingetegemea mpango wa halmashauri ya eneo hilo. Mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe na familia yake akakaribisha wapangaji wasiozidi wawili, nyumba hiyo si HMO.

Leseni inambana vipi mwenye nyumba

Kabla ya kutoa leseni, halmashauri hupima kama mwombaji anafaa kukabidhiwa maisha ya watu. Huangalia kama ana rekodi ya udanganyifu, ukatili, dawa za kulevya, ubaguzi au kuvunja sheria za nyumba. Akipewa, hupewa kwa muda usiozidi miaka 5 na kwa masharti. Cheti cha usalama wa gesi kitolewe kila mwaka. Kila ghorofa iwe na kengele ya moshi. Vifaa vya umeme na fanicha anazoweka viwe salama. Mpangaji apewe masharti ya upangaji kwa maandishi.

Katika HMO yenye leseni, ukubwa wa chumba cha kulala nao umewekewa kiwango. Mtu mmoja mwenye zaidi ya miaka 10 hawezi kuwekwa katika chumba chenye chini ya mita za mraba 6.51, yaani kama mita 2.1 kwa 3.1. Watu wawili wa umri huo wanahitaji 10.22. Mtoto wa chini ya miaka 10 anahitaji 4.64, na chumba kilicho chini ya hapo hakiruhusiwi kulalwa na mtu yeyote. Sehemu ambayo dari yake iko chini ya mita 1.5 haihesabiwi. Hivi ni viwango vya chini kabisa, na halmashauri nyingi hudai zaidi. Ukiwa na futi kamba, unaweza kujipimia leo jioni.

Ada ya leseni ni ya mwenye nyumba. Tangu 1 Juni 2019 sheria imekataza kumtoza mpangaji malipo yasiyoruhusiwa, na ada hiyo ni mojawapo. Akikuambia uchangie, una haki ya kukataa.

Jinsi ya kuhakikisha

Kila halmashauri inatakiwa kutunza daftari la leseni lililo wazi kwa umma, na nyingi zimeliweka kwenye tovuti. Ingia kwenye tovuti ya halmashauri yako, tafuta ukurasa wa leseni za nyumba za kupanga, kisha ingiza postikodi. Usipoona anwani yako, waandikie barua pepe uulize mambo mawili: je, nyumba hii inahitaji leseni, na je, maombi yamepokelewa? Swali la pili ni muhimu, kwa sababu aliyekwisha kuomba inavyotakiwa halaumiwi kwa muda anaosubiri jibu. Siku za kabla ya kuomba bado zinahesabika dhidi yake.

Wengine hawamjui hata mwenye nyumba, kwani kodi humpa wakala au mtu wa kati. Sheria ya mwaka 1985 inakupa njia. Mwandikie anayepokea kodi yako umtake jina na anwani ya mwenye nyumba. Ana siku 21 za kukujibu, na akinyamaza bila sababu ya msingi anatenda kosa.

Kodi yako inaweza kurudi

Halmashauri inaweza kumshtaki mahakamani anayepangisha bila leseni, ambako faini haina kikomo, au kumtoza yenyewe hadi pauni 30,000. Kikomo hicho kinapanda hadi 40,000 chini ya sheria mpya ya haki za wapangaji ya mwaka 2025, Renters' Rights Act. Fedha hizo haziji kwako. Za kwako unazidai mwenyewe kwa kuomba amri ya kurudishiwa kodi katika baraza liitwalo First-tier Tribunal, kitengo cha Property Chamber. Fomu yake ni RRO1. Kuna ada, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe yote au sehemu yake. Huhitaji kusubiri halmashauri imshtaki kwanza.

Kwa kanuni za mwaka 2016, baraza linaweza kuamuru urudishiwe kodi isiyozidi ya miezi 12, nawe unatakiwa kuomba ndani ya miezi 12 tangu kosa. Kwa makosa yanayotendwa kuanzia 1 Mei 2026, sheria mpya inaongeza vyote viwili hadi miaka 2. Anayelipa pauni 650 kwa mwezi anaweza kudai hadi 7,800 kwa kanuni za zamani, na mara mbili yake kwa mpya.

Usitarajie kiasi chote moja kwa moja. Baraza hutazama mwenendo wa pande zote mbili na hali ya kifedha ya mwenye nyumba, na linaweza kuondoa gharama za umeme na gesi zilizokuwa ndani ya kodi. Sehemu iliyolipwa kwa Universal Credit hairudi kwako. Mwenye nyumba naye anaweza kujitetea kwamba alikuwa na sababu ya kuridhisha.

Kosa lenyewe lazima lithibitishwe kwa kiwango cha kesi ya jinai. Hapo ndipo wengi wetu huanguka, kwa kuwa walilipa taslimu na hawana karatasi. Mali bila daftari huisha bila habari. Lipa kupitia benki na uandike ni kodi ya mwezi gani. Ikibidi kulipa mkononi, dai risiti, au papo hapo tuma ujumbe wa simu: "Nimekupa pauni 650, kodi ya Machi, chumba cha juu," naye ajibu. Tunza mkataba, picha na majina ya wote mnaoishi pamoja na tarehe walizohamia, maana idadi ya watu ndiyo inayothibitisha kwamba leseni ilihitajika.

Usiache kulipa, usikubali kutolewa kienyeji

Ukigundua nyumba haina leseni, endelea kulipa kodi. Deni la kodi bado ni deni halali, linaweza kumpa mwenye nyumba sababu ya kukupeleka mahakamani, na baraza haliwezi kukurudishia pesa ambazo hukutoa.

Akikasirika akabadilisha kitasa au kutoa mizigo yako, anatenda kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1977, na kosa hilo peke yake linatosha kudai kodi. Kwa wapangaji wengi hakuna kuhama bila amri ya mahakama. Anayeishi nyumba moja na mwenye nyumba na kuchangia naye jiko au sebule ana kinga ndogo zaidi, hivyo atafute ushauri kabla ya kulumbana. Kuanzia 1 Mei 2026, notisi ya kumtoa mpangaji bila kutaja sababu, maarufu kama Section 21, inafutwa.

Chumba chako kikiwa chini ya kiwango au nyumba ikiwa imejaa kupita kiasi, halmashauri inaweza kumpa mwenye nyumba muda wa kupunguza watu, na huenda ukahitaji kuhama baadaye. Mwenye wasiwasi kuhusu viza yake azungumze kwanza na mshauri huru, kwa mfano Citizens Advice, Shelter au kituo cha sheria cha mtaani, kabla ya kuandika popote. Ushauri wao haulipiwi.

Kama wewe ndiye unayekusanya kodi

Neno hili ni la wale wanaochukua nyumba nzima kwa jina lao kisha wakagawa vyumba kwa wenzao. Wengi hufanya hivyo kwa wema, kumpa mgeni pa kuanzia. Lakini ukipokea kodi kutoka kwa walioko vyumbani, sheria inaweza kukuona wewe ndiye unayepangisha. Leseni ikikosekana, adhabu inaweza kukuangukia wewe. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Rakusen dhidi ya Jepsen, iliamua kwamba amri ya kurudisha kodi humwangukia aliyempangisha mpangaji moja kwa moja, si mwenye nyumba wa juu yake. Sheria ya 2025 imefungua njia ya kumdai na huyo wa juu, ila haikumwondoa mtu wa kati. Kabla ya kumkaribisha mtu wa tatu, iulize halmashauri kwa maandishi, na muulize mwenye nyumba kama anaruhusu.

Fanya haya wiki hii

Hesabu watu na kaya za nyumba yako. Tafuta anwani yako kwenye daftari la halmashauri, na kama haimo, waandikie. Panga risiti na ujumbe wa malipo kwa tarehe. Zungumza na wenzako wa vyumba vingine, kwa sababu kila mmoja ana dai lake na mnaweza kuomba pamoja kwa ushahidi uleule. Ukikuta leseni ipo, omba nakala usome masharti yake, kisha umtake mwenye nyumba ayatimize kila moja.