Ukuta-moto, Proksi na Itifaki za Huduma

Kila huduma ya mtandao ina itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, na namba yake ya kawaida ya mlango. Zikariri hizi:

- FTP (kuhamisha mafaili): 21
- SMTP (kutuma barua pepe): 25
- DNS (kutafuta anwani ya IP ya jina la tovuti): 53
- HTTP (kurasa za wavuti): 80
- HTTPS (kurasa za wavuti zilizofichwa kwa msimbo): 443

Usichanganye ukuta-moto na proksi. Ukuta-moto hukagua pakiti zinazoingia na kutoka, ukaziruhusu au kuzizuia kwa kufuata kanuni. Proksi ni seva inayopokea ombi la kompyuta yako na kulipeleka intaneti kwa niaba yako. Ukuta-moto ni askari wa getini. Proksi ni mtu unayemtuma dukani.

Swali la mfano (alama 6)

Maabara ya shule ina proksi yenye anwani 192.168.1.2, mlango 3128. Ukuta-moto ulio kati ya shule na intaneti una kanuni hizi kwa mawasiliano yanayotoka, nao huzisoma kuanzia juu. Ya kwanza kulingana ndiyo inayotumika:

1. Ruhusu 192.168.1.2 kwenda milango 80 na 443.
2. Ruhusu 192.168.1.2 kwenda mlango 53.
3. Zuia mengine yote.

Kompyuta ya Amina ni 192.168.1.25. Kivinjari chake hakijawekewa proksi, na hakifungui tovuti yoyote.

(a) Eleza sababu.
(b) Taja marekebisho.
(c) Nini kitatokea kanuni ya 3 ikihamishiwa juu?

Jibu

(a) Ombi linatoka moja kwa moja kwenye 192.168.1.25. Halilingani na kanuni ya 1 wala ya 2, hivyo kanuni ya 3 inalizuia.
(b) Katika mipangilio ya kivinjari, weka proksi 192.168.1.2, mlango 3128.
(c) Mawasiliano yote yatazuiwa, hata ya proksi, kwa sababu kanuni za chini hazitafikiwa.

Tahadhari: Katika (b), usiandike "ondoa kanuni ya 3". Tovuti zitafunguka, lakini kila kompyuta itaweza kuikwepa proksi. Usiandike pia mlango 443: huo ni wa tovuti, si wa proksi hii.

Zoezi: Proksi hiyo inatumia seva ya DNS iliyo nje ya shule. Kanuni ya 2 ikifutwa, kwa nini tovuti hazitafunguka kwa majina yake ingawa milango 80 na 443 imeruhusiwa? (alama 2)