Kinga Inapoushambulia Moyo: Kwa Nini Sindano Isikatishwe



Katika jumuiya zetu ndogondogo huku Nyabusozi, mtoto akilalamika koo husemwa ana mafua au kimeo. Koo hupona. Wiki mbili au tatu baadaye homa hupanda, magoti huvimba, na maumivu huhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hapo minong'ono ya kurogwa huanza. Tueleze kinachotokea.

Mungu ameupa mwili kinga ya kuulinda. Lakini bakteria wa koo waitwao streptokoki wana sehemu zinazofanana na za moyo wetu. Kinga inayowafukuza hukosea ikaushambulia mwili wenyewe, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Vali za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, hupata makovu na moyo huchoka. Huu ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Homa inayouleta huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15.

Matibabu ni ya namna tatu. Kwanza, koo litibiwe mapema zahanati kwa penisilini. Kukata kimeo hakuui bakteria. Pili, aliyekwisha kuugua huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili shambulio lisirudi. Tatu, vali zilizoharibika sana huhitaji upasuaji, kama unaofanywa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Namna ya pili ndiyo tunayoikatisha. Utafiti wa Uganda uliotangazwa mwaka 2021 ulifuatilia watoto 818 ambao ugonjwa wao ulikuwa bado umejificha. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa sindano kila wiki 4, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa.

Maumivu yakiisha, mzazi husema mtoto ameponywa. Na nauli nayo ni mzigo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake. Falsafa nayo inatufundisha kwamba Mungu, sababu ya kwanza, hutenda kupitia sababu za pili. Muuguzi na sindano yake ni miongoni mwa hizo.

Basi tusimlazimishe mzazi kuchagua kati ya sala na zahanati. Jumuiya iikumbuke tarehe ya sindano ya mtoto, imkumbushe mama yake, na ikibidi ichange nauli.