SOMO LA KUMI NA MBILI: MWENYE NYUMBA NA MPANGAJI

Wako wakulima ambao, wakipata fedha za korosho au za pamba, hununua kiwanja katika mji wa wilaya na kujenga nyumba ya kupangisha. Hilo ni jambo zuri. Nyumba haihitaji palizi. Lakini ina sheria zake, na asiyezijua huweza kupata hasara au kumwonea mwenzake.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana nyumba ya vyumba vinne mjini. Chumba kimoja amempangisha fundi cherehani kwa shilingi 30,000 kila mwezi. Siku moja akatokea mtu aliyetaka kulipa shilingi 45,000. Jumamosi mzee akafika na kufuli mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Chumba nakihitaji. Jumatatu ataingia mtu mwingine."

"Lakini mzee, nimelipa mpaka mwisho wa mwezi. Risiti hii hapa."

"Nyumba ni yangu!"

Ni kweli, nyumba ni yake. Lakini neno hilo halitoshi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika mwaka 2001, inasema kwamba mpangaji anayelipa kodi yake ana haki ya kukaa kwa amani. Kama kodi inalipwa kila mwezi, anayetaka kuvunja mapatano lazima atoe taarifa isiyopungua mwezi mmoja. Taarifa hiyo imalizike siku ya kulipa kodi. Fundi naye akitaka kuhama, anabanwa na sheria hiyo hiyo. Tena chumba cha kuishi lazima kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu. Mwenye nyumba akiacha paa livuje masika yote, hajatimiza wajibu wake. Mpangaji naye alipe kodi kwa wakati, atunze chumba, na amruhusu mwenye nyumba kukikagua akimwarifu mapema.

Sheria za nyumba hubadilika. Wazee wanakumbuka mwaka 1971. Mwaka huo Serikali ya Tanzania ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Majengo hayo yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliokuwa na jengo lililomalizika kujengwa zaidi ya miaka kumi nyuma hawakulipwa fidia. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwenye nyumba hakuweza kupandisha kodi apendavyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kiasi cha kodi ni mapatano ya watu wawili. Ndiyo maana wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, mara moja. Kwa mtu wa kipato kidogo huo ni mzigo mkubwa.

Basi kama kila kitu ni mapatano, mapatano yaandikwe. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, usikubali tena kuweka dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Soma mstari kwa mstari. Tazama kama pameandikwa majina, chumba chenyewe, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na nani atatengeneza kitakachoharibika. Usione haya kumwomba mwenzako akusubiri umalize kusoma. Kila mmoja abaki na nakala yake. Na ukilipa, dai risiti, hata kama mwenye nyumba ni mjomba wako.

Jambo jingine husahauliwa sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Nyumba ya ndoa ni ile ambayo mume na mke wanaishi. Mume hawezi kuja jioni na kusema, "Mama Asha, funga mizigo, nimeshapangisha." Mpangaji mwenye busara huuliza kama mke anajua, kabla ya kutoa fedha.

Kuna pia kodi ya majengo, ambayo ni ya Serikali. Mwenye kudaiwa kodi hii ni mwenye nyumba. Lakini tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji! Kwa hiyo pataneni mapema: je, fedha hiyo itapunguzwa katika kodi ya chumba? Liandikeni na hilo.

Turudi kwa fundi wetu. Hakupigana. Alikwenda na risiti zake kwenye Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi ya Baraza la Kata katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Halitoi hukumu. Wasipopatana, shauri huenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee aliona zile risiti kumi na moja, akakaa kimya kidogo, kisha akakubali kutoa taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi. Fundi alihama siku ya mwisho wa taarifa hiyo, na mashine yake.

MASWALI YA KUJADILI

Kama fundi asingekuwa na risiti, angesema nini mbele ya Baraza? Je, ni haki kudai kodi ya mwaka mzima mara moja? Wenye nyumba waseme kwanza, kisha wapangaji. Halafu kila mmoja aandike katika daftari lake mapatano ya kupangisha chumba kimoja, na jirani yake ayasome kwa sauti.