Mchezo wa Kujenga ni Darasa la Mtoto Mdogo

Baadhi ya wazazi huona kuwa mtoto anayepanga na kubomoa vipande vya mbao anapoteza muda ambao angeutumia kukariri herufi na namba. Dhana hiyo yafaa iangaliwe upya, kwani mengi yatakayofundishwa ubaoni katika darasa la kwanza huanzia katika mikono ya mtoto anayecheza.

Wazo hili si geni. Mwaka 1837, katika mji wa Bad Blankenburg nchini Ujerumani, Friedrich Fröbel alianzisha kituo cha watoto wadogo kilichokuja kuwa chimbuko la madarasa ya awali katika nchi nyingi. Miongoni mwa vifaa alivyobuni ni mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba midogo minane. Mtoto aliutenganisha, kisha akaujenga upya, na hivyo akatambua kuwa sehemu nane zikiunganishwa hurudi kuwa kitu kimoja.

Katika kujenga, mtoto hujifunza kwanza kiasi. Kutamka moja, mbili, tatu ni jambo moja. Kufahamu kwamba vipande viwili vifupi hulingana na kimoja kirefu ni jambo jingine. Pili, hujifunza chanzo na matokeo: mnara ulioegemea upande mmoja huanguka, naye hutambua kosa bila kukemewa na mtu. Tatu, hujifunza lugha, kwa kuwa maneno kama juu, chini, kati na kando hupata maana yakitamkwa mbele ya kitu kinachoshikika. Nne, akijenga na wenzake hujifunza kungoja zamu na kupatana.

Kwa kawaida, mtoto wa mwaka mmoja na nusu huweza kupandanisha vipande viwili au vitatu, na wa miaka mitatu huweza kuiga daraja la vipande vitatu. Watoto hutofautiana, hata hivyo, mzazi anayeona mwanawe amechelewa sana, au amepoteza uwezo aliokuwa nao, asisite kumpeleka katika kituo cha afya.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Masalia ya mbao kutoka kwa seremala, yakiondolewa misumari na kupigwa msasa, yanatosha. Vivyo hivyo maboksi matupu, vigunzi na udongo wa mfinyanzi. Ni vyema baadhi ya vipande vikatwe viwe nusu kamili ya vingine. Mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa zisitumike, na mtoto aliye chini ya miaka mitatu asipewe kipande kinachoweza kuingia chote kinywani, kwa kuwa kinaweza kumkaba.

Jengo likianguka, mkubwa asilisimamishe kwa niaba ya mtoto. Amuulize kwa nini limeanguka, kisha ampe muda wa kujaribu tena. Mtoto anayejengewa na wengine hubaki mtazamaji. Anayeachwa ajaribu huzoea kutafuta jibu mwenyewe.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa mwaka 2021 ikiwahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, ujifunzaji wa awali ukiwa mojawapo ya nguzo zake. Wazazi, kamati za shule na wasimamizi wa vituo vya kulelea watoto mchana wanahimizwa kutenga kona ya ujenzi katika kila darasa la awali, na nafasi ya mchezo huo katika kila nyumba.